Nimechoka na programu niliyoigawa bure. Je, niifute?

Shikamoo shangazi,

Unisamehe, naandika nikiwa na hasira. Mwaka 2017, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, niliandika maktaba ndogo ya programu inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Ukiingiza 1,250,000 inakupa "milioni moja laki mbili na elfu hamsini". Niliiandika kwa ajili ya SACCOS ya mjomba wangu, maana hati zao za malipo zilitaka kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Ilipofanya kazi vizuri nikaiweka GitHub na npm, maghala ya programu mtandaoni, kwa leseni ya MIT, yeyote aitumie bure. Nilijivunia sana.

Leo imo kwenye mifumo ya maduka, ya shule, ya mikopo, na kwingine nisikokujua. Nami nimechoka. Kila mara jukwaa la Node linapotoa toleo jipya kuna kitu kinavunjika kwangu. Mmoja anataka "laki", mwingine anataka "elfu mia moja". Mhasibu mmoja alisoma "elfu ishirini na tano" akadhani ni 20,005, akanishambulia mimi. Kampuni moja ya mikopo imepata namba yangu ya simu, hupiga hata Jumamosi usiku. Wengine huandika "kaka, mbona kimya, umekufa?" Mimi ni mwanamke, nina ajira ya kutwa, na mwanangu ana miezi minne. Sijalipwa hata shilingi. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Miezi michache iliyopita alijitokeza mtu nisiyemjua, akatuma marekebisho mazuri. Sasa anaomba nimpe haki ya kuchapisha matoleo. Watu wengine wawili, nao siwajui, wananiandikia mbele za watu kwamba nimeshindwa, nimwachie huyo. Mume wangu anasema nifute kila kitu nipate kulala. Nifute? Nimpe? Au niendelee tu?

Aliyechoka, Mwanza

*

Marahaba, binti yangu. Jambo moja haliwezi kungoja mwisho wa jibu hili, kwa hiyo nalitanguliza: usimpe mtu yeyote haki ya kuchapisha kwa sasa. Wale wawili wanaokusukuma usiwajibu kwanza. Mengine tutazungumza taratibu.

Nasema hivyo kwa sababu barua yako imenikumbusha, karibu hatua kwa hatua, yaliyompata Lasse Collin wa Finland. Kwa miaka mingi alitunza xz, programu ya kubana mafaili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani. Aliitunza kwa muda wake wa ziada, bila malipo. Mwishoni mwa 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kutuma marekebisho madogo yenye manufaa. Mwaka 2022 yakaibuka majina mengine, mageni kabisa, yakimlalamikia Collin hadharani: anachelewa, mradi unadorora mikononi mwake, awape wengine. Collin aliwajibu kwa uungwana. Alieleza kwamba afya yake ya akili ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea. Kidogo kidogo Jia Tan akaongezewa madaraka, mpaka akawa ndiye anayetoa matoleo.

Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri. Mlango huo ungemwezesha aliyeuweka kuingia kwenye seva za watu kwa mbali, kupitia SSH. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, na wala hakuwa akitafuta mwizi. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake nyingine, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa karibu nusu sekunde kuliko kawaida, akakataa kulipuuza. Alilitangaza tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu. Matoleo yale yalikuwa bado hayajaingia kwenye matoleo thabiti ya mifumo mikubwa ya Linux, ndiyo maana madhara yalizuilika.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki husifia au hulaani ufundi wa ule mlango. Kinachoniuma mimi ni pale palipopitiwa kuingia: uchovu wa mtu mwema. Waliomsukuma Collin walijua kwamba mtu aliyechoka, akikemewa mbele za watu, atamshukuru yeyote atakayempokea mzigo. Na wewe leo umesimama palepale, na mtoto wa miezi minne mkononi.

Nielewe vizuri. Simwiti mgeni wako mwizi. Wengi wanaojitolea katika programu huria ni watu wa heri, na huenda huyu ni mmoja wao, anayeihitaji maktaba yako kazini kwake na ameona imelala. Usimfukuze. Mwandikie hadharani, kwa heshima, kwamba marekebisho yake unayathamini na utaendelea kuyapitia, lakini haki ya kuchapisha haitolewi kwa sasa. Muulize anaitumia wapi na kwa kazi gani. Mwenye nia njema atajibu swali hilo bila kunung'unika, maana ni swali la kawaida, na kusubiri hakutampunguzia kitu. Akianza kukusukuma, au wale wawili wakarudi na kelele zaidi, basi hapo umejifunza jambo kuhusu wote watatu.

Tena, hata siku utakapompata wa kumwamini, panga mambo ili toleo lisitoke kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Lijengwe moja kwa moja kutoka kwenye msimbo unaoonekana na kila mtu, na mtu wa pili aliidhinishe. Kwenye xz, kipande kilichowasha ule mtego hakikuwamo kwenye msimbo wa wazi. Kilikuwa kwenye kifurushi kilichofungwa kwa ajili ya kusambazwa, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Na leo hii, kabla hujalala, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zako za npm na GitHub kama hujawasha.

Miaka 6 kabla ya kisa cha xz, njia ya kuingia ilikuwa fupi zaidi. Dominic Tarr alikuwa na maktaba iitwayo event-stream, iliyopakuliwa mara zipatazo milioni 2 kwa wiki, naye alikwisha kuacha kuitumia. Mtu asiyemjua akamwandikia akiomba kuitunza, akampa. Mwaka 2018 ndani yake kukakutwa msimbo uliolenga kuiba Bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Watu walimtukana Tarr sana. Mimi simtukani, maana alifanya kile ambacho wengi wangekifanya: ameombwa, hana haja nacho, ametoa. Ila kilichotoka mikononi mwake hakikuwa msimbo peke yake. Ilikuwa imani ya maelfu ya watu ambao hawakuulizwa.

Sasa nije kwa mumeo. Mwambie shangazi anamshukuru, kwa sababu ndiye pekee katika barua hii anayekuwazia usingizi. Hata hivyo, kufuta hakutakupa usingizi huo. Tarehe 22 Machi 2016 mtaalamu mmoja, Azer Koçulu, baada ya kuvutana na npm kuhusu jina la mradi wake, aliondoa kazi zake zote huko. Miongoni mwake ilikuwamo left-pad, yenye mistari 11 tu, ambayo kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Kumbe maelfu ya miradi iliitegemea, mingine pasipo wenyewe kujua. Kazi za watu zikakwama duniani kote mpaka npm wenyewe wakairudisha. Baada ya hapo npm walibana masharti: maktaba iliyokaa kwa zaidi ya saa 72, na ambayo wengine wanaitegemea, huwezi kuiondoa mwenyewe. Yako ina miaka mingi. Kwa hiyo ukifuta GitHub, npm itabaki, na simu za Jumamosi zitaongezeka.

Basi unadaiwa nini? Nadhani hilo ndilo swali lililo chini ya maswali yako yote matatu. Leseni ya MIT uliyoiweka inasema wazi kwamba kazi hii inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Kisheria yule mhasibu hana pa kukushika. Najua lakini kwamba hukulelewa kuishi kwa vifungu vya leseni, na mimi pia sikulelewa hivyo. Moyo wako unakwambia kuna deni, na mimi nakubali lipo, ila ni dogo sana kuliko unavyolibeba. Aliyepanda mwembe kando ya njia na kuwaruhusu wapita njia wachume hana wajibu wa kuwaamshia asubuhi maembe yaliyomenywa. Akiona tawi limeoza na linaweza kumwangukia mtu, hapo lazima aseme. Watumiaji wako wanakudai ukweli kuhusu hali ya kitu walichokishika. Jasho lako la miaka ijayo hawalidai.

Kwa ukweli huo huo, lipo tawi moja bovu kwenye mwembe wako, nalo ni la yule mhasibu. Amekuwa mkali, lakini ameona jambo la kweli. Maktaba yako ikipewa 25,000 inaandika "elfu ishirini na tano". Ikipewa 20,005 inaandika nini? Nimejaribu mwenyewe: inaandika "elfu ishirini na tano". Ni vilevile kwa milioni: 25,000,000 na 20,000,005 zinatoka na maneno yaleyale. Kwenye mazungumzo ya sokoni hakuna anayepotea, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wanajua wanazungumzia nini. Kwenye hati ya malipo ni hatari, kwa sababu maneno yaliwekwa pale hasa ili kuzithibitisha tarakimu.

Hilo lirekebishe, binti yangu, na liwe kazi kubwa ya mwisho unayoifanya bure. Tanguliza hesabu kabla ya "elfu": 25,000 iwe "ishirini na tano elfu", na 20,005 iwe "ishirini elfu na tano". Fanya vivyo hivyo kwa milioni. Kisha andika jaribio moja linalopita kwenye tarakimu nyingi na kuhakikisha kwamba hakuna viasi viwili tofauti vinavyotoa maneno yanayofanana. Jaribio hilo litalinda kazi yako hata wewe usipokuwapo. Na kwa kuwa stakabadhi za watu zitabadilika sura, litoe kama toleo la 2.0, usilipenyeze ndani ya 1, halafu ueleze sababu. Ugomvi wa "laki" na "elfu mia moja" uache kama ulivyo. Maneno yote mawili yanaeleweka na hakuna atakayepoteza fedha. Anayetaka lingine anajua pa kubadilisha.

Pamoja na hilo andika tangazo, uliweke juu kabisa ya faili la README, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mimi ningeandika hivi:

"Maktaba hii inatunzwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Hitilafu za kiusalama, na zile zinazoweza kufanya kiasi cha fedha kisomeke vibaya, zitashughulikiwa nafasi itakapopatikana. Maombi ya vipengele vipya hayapokelewi. Msaada kwa simu au kwa ujumbe binafsi hautolewi, isipokuwa kwa mkataba wa malipo. Ukihitaji zaidi ya haya, leseni inakuruhusu kunakili msimbo na kuuendeleza kwa jina lako."

Soma tena sentensi zile. Hazina samahani hata moja, na nimeziacha hivyo makusudi. Sisi tumelelewa kuona kwamba kumnyima mtu ni ukali, hasa akija na "naomba unisaidie kidogo tu, dada". Kwa hiyo tunajibu "nitaangalia", ilhali tunajua hatutaangalia. Nimefanya kazi na mifumo ya kompyuta miaka mingi, na sijaona neno linalowaumiza watumiaji kuliko hilo "nitaangalia". Mtu anapanga kazi yake juu yake. Anamwahidi bosi wake. Ukimwambia "hapana" siku ya kwanza, anatafuta njia nyingine siku hiyohiyo, na wewe huna ujumbe wa kuukwepa kila ufunguapo simu.

Hutakuwa wa kwanza kufunga mlango huku nyumba ikibaki wazi. Mfano ni SQLite, hifadhidata aliyoianzisha Richard Hipp wa Marekani mwaka 2000. Kama unatumia WhatsApp kwenye simu ya Android, ujumbe wako umehifadhiwa ndani yake. Msimbo wake ni mali ya umma, kila mtu anaruhusiwa kuuchukua na kuutumia apendavyo. Hata hivyo Hipp na wenzake wachache hawapokei msimbo kutoka nje hivihivi, na wamelisema hilo waziwazi. Hakuna aliyewaita wachoyo. Programu yao imeenea kuliko karibu programu nyingine yoyote, na wao wanaendelea kuitunza kwa mwendo wanaoumudu.

Fedha sasa. Naona umelitaja jambo hili kwa sentensi moja tu, kama mtu anayeona aibu. Usione aibu. Mwaka 2014 dunia iligundua kwamba OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, zikiwemo za benki, ilikuwa na tundu lililopewa jina Heartbleed. Tundu lilikuwa limekaa humo kwa miaka 2. Ndipo Steve Marquess, aliyekuwa akishughulikia fedha za mradi huo, akaeleza kwamba michango waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa muda wote alikuwa mmoja. Baada ya aibu hiyo Linux Foundation ilianzisha mfuko, na kampuni kubwa zikachangia. Zingeweza kuchangia kabla ya hapo. Hazikuwa na sababu, kwa sababu kazi ilikuwa ikifanyika.

Kampuni ile ya mikopo nayo iko hivyohivyo. Inalipia umeme, intaneti na viti vya ofisini. Inakupigia wewe Jumamosi usiku kwa kuwa hukuwahi kuiambia kwamba saa zako zina bei. Iandikie barua pepe, ya kiofisi, mchana: kwamba hutoi msaada kwa simu, na kwamba wakihitaji kazi ya haraka gharama yake kwa siku ni kiasi fulani, kwa mkataba na malipo ya awali. Usiweke bei ya kindugu. Chukua unacholipwa kwa siku kwenye ajira yako, ukizidishe mara mbili, maana utakuwa unakitoa kwenye mapumziko yako na kwa mwanao. Kabla ya hapo soma mkataba wa ajira yako uone kama unaruhusiwa kufanya kazi za pembeni, na ukilipwa toa risiti halali. Sikuahidi kwamba watalipa. Wengi hawalipi. Denis Pushkarev, mtunzaji wa core-js, maktaba iliyomo kwenye sehemu kubwa ya tovuti maarufu duniani, aliandika mwaka 2023 jinsi alivyoishi na madeni na matusi huku kazi yake ikitumiwa na kampuni tajiri. Ila kampuni ikikataa kulipa, simu nayo itakoma, na hilo lenyewe ni faida kwako.

Kuhusu kurithisha nataka ukae na mfano mmoja mzuri, usije ukadhani kila makabidhiano yana mwizi. Simu yako inajua kwamba Mwanza ni saa 3 mbele ya saa ya dunia kwa sababu ya hifadhidata ya majira ya saa ambayo Arthur David Olson, mtumishi wa taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, aliianza na wenzake wa kujitolea miaka ya 1980. Humo ndani Dar es Salaam na Kampala zinafuata kumbukumbu za Nairobi. Wameandika hata kwamba Nairobi iliwahi kuwa saa 2 na dakika 45 mbele, mpaka 1942. Fikiria subira ya mtu anayetafuta na kuhifadhi jambo kama hilo, bila kuombwa wala kulipwa!

Olson alipoona kustaafu kunakaribia, hakungoja mpaka achoke kabisa. Alilisema mapema, na wahusika wakajadili kwa miaka kadhaa jinsi ya kuilinda kazi. Oktoba 2011, baada ya kesi ya hakimiliki kufunguliwa dhidi yao na seva yao kuzimwa, taasisi ya ICANN iliipokea kupitia IANA, na Paul Eggert, aliyekuwa ameishughulikia kwa miaka mingi pamoja na Olson, akaendelea kuwa mratibu. Kesi ilifutwa mwaka uliofuata. Mrithi alikuwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa imeonekana muda mrefu, na ufunguo uliwekwa kwenye taasisi.

Warithi wako nao, nadhani, wako karibu kuliko unavyodhani. Wataalamu wa zile kampuni za maduka na shule wanaotumia maktaba yako kila siku wana majina, wana ofisi, wana wakubwa wao kazini. Wachague wawili ambao wamewahi kukutumia marekebisho yanayoeleweka, uwaulize kama wako tayari kupitia msimbo pamoja nawe kwa mwaka mmoja. Chuo chako cha zamani pia kina walimu wanaowatafutia wanafunzi kazi halisi za mafunzo. Mgeni wako naye anaweza kuingia kwenye kundi hilo kama wenzake, kwa mwendo uleule.

Wasipopatikana, funga hifadhi ya GitHub ibaki ya kusomwa tu, na kule npm weka ile alama ya onyo inayomwambia kila anayeipakua kwamba haitunzwi tena. Matoleo ya zamani yataendelea kufanya kazi kwa walio nayo. Anayeihitaji kweli atanakili na kuiendeleza kwa jina jingine, na leseni yako imemruhusu tangu 2017. Hutakuwa umemdhulumu mtu.

Usiamue kati ya njia hizi mbili mwezi huu. Mtoto wa miezi minne hamwachii mama yake akili ya kuamua mambo ya miaka. Wiki hii weka tangazo, mjibu mgeni, na iandikie kampuni ya mikopo. Toleo la 2.0 litakuja utakapoweza, na mpaka hapo ongeza kwenye tangazo sentensi moja inayoonya kuhusu 25,000 na 20,005 ili wahasibu wajihadhari. Wanaokuita kaka wasahihishe mara moja, kwa jina lako. Mabinti wengine wanaoingia kwenye kazi hii watafurahi kuliona.

Ukishaliandika tangazo, nitumie nilisome kabla hujaliweka. Na ile barua ya kampuni pia, hasa pale penye bei, maana nina wasiwasi utaipunguza.